Motokari ya zamani inashinda kwanza katika garaji

Fundi mumoja wa Likasi alituuliza swali ambalo lilitufuata mpaka nyumbani. Tulikuwa tumekaa naye mbele ya garaji yake, jua kali, motere ya taksi ya muteja iko chini vipande vipande juu ya karatoni. Alisema: «Wandugu wa gazeti, tunasikia kule Marekani kuko watu wa kawaida, si matajiri, wanashindanisha motokari za miaka 30. Hii ya hapa iko na miaka 20 tu, na haifike Kolwezi bila kusimama njiani. Ile ya kwao wanaiwekaka nini ndani?»

Tulicheka pamoja naye. Lakini swali ni la maana, na leo tunataka kulijibu sawasawa, kwa ajili yake na kwa ajili ya kila mutu wa mine anayejua kufanya kazi na mashini ya zamani. Jibu kwa kifupi ni hili: hawaiweke dawa yoyote ndani. Wanaiangalia. Wanaiangalia tena. Kisha wanaandika kile walichoona. Na wanafanya vile kwa sababu kuko watu waliokufa zamani kwa kukosa kuangalia.

WATU GANI WANAFANYA MUCHEZO HUU

Kule Marekani kuko klabu kubwa ya wapenzi wa motokari za mbio. Jina lake ni Sports Car Club of America, na ilianzishwa katika mwaka wa 1944. Wengi wanaoshindana ndani yake hawalipwe. Mumoja ni mwalimu, mwengine ni fundi wa umeme, mwengine anafanya kazi ya kiwanda, mwengine amekwisha kupata pansio. Katika juma wanatumika kama wewe. Siku ya Posho na Siku ya Yenga wanavaa kaske na kushindana. Anayeshinda anapewa kikombe kidogo, anapiga picha na bibi na watoto, na Siku ya Kwanza asubui iko tena kazini.

Zamani mashindano ya namna hii yalifanyika hata kwenye barabara za watu wote. Tarehe 2 mwezi wa 10, 1948, katika Watkins Glen, mji mudogo wa jimbo la New York, walifunga barabara na kukimbiza motokari katikati ya mji na katika vilima vya karibu. Muzunguko mumoja ulikuwa zaidi ya kilometre 10, sehemu moja lami, sehemu ingine udongo na changarawe. Watu walisimama pembeni, karibu sana, kama tunavyosimama sisi wakati mukubwa fulani anapita.

Katika mwaka wa 1952, pale pale, motokari moja iligonga watu waliokuwa pembeni. Mutoto wa miaka 7 akakufa, na watu wengine wakaumia. Kutoka siku ile mashindano hayakupita tena katikati ya mji. Yakapelekwa inje, na katika mwaka wa 1956 wakafungua njia yao wenyewe, iliyojengwa kwa mashindano tu, mbali na milango ya watu.

Wasomaji wetu wa mine wataelewa upesi. Ukishuka chini na kuona kibao kinakataza kupita fasi fulani, usifikiri ni shefu tu alipenda kusumbua watu. Mara nyingi kuko mutu alipita pale kabla yako. Kanuni nyingi ziko na kaburi yake.

MOTOKARI YENYEWE

Tuchukue mufano mumoja ambao mafundi wengi wa muchezo huu wanaujua: Mazda MX-5, ile Wamarekani wanaita Miata. Ilionyeshwa mara ya kwanza Chicago katika mwezi wa 2 wa mwaka wa 1989. Ni motokari ya watu wawili tu, paa ya kitambaa, motere mbele, nguvu inaenda kwenye magurudumu ya nyuma. Zile za kwanza zilikuwa na motere ya litre 1,6 na nguvu ya farasi 116. Uzito wake ni karibu tani moja, ao chini yake kidogo. Ilipendwa sana. Katika mwaka wa 2016 kiwanda kilitengeneza ile ya milioni moja.

Nguvu ya farasi 116 si kitu cha kujivunia. Siku hizi kuko motokari za familia zinazoipita. Lakini angalia faida yake. Motokari nyepesi haichoshe freni zake upesi, haikule mipira mingi, haikunywe esansi mingi. Tena, kwa sababu zilitengenezwa nyingi, vipande vyake vinapatikana hata kwa motokari zilizokwisha kuanguka. Mafundi wa kwetu wanajua jambo hili muzuri: motokari inayoishi miaka mingi ni ile ambayo vipande vyake viko sokoni.

Klabu ile iliipa Mazda hiyo kikundi chake, jina Spec Miata, na tangu mwaka wa 2006 kikundi hicho kinashindana hata katika mashindano makubwa ya inchi muzima, yale wanaita Runoffs. Kanuni ya kikundi ni rahisi kusema: motokari zote zinatayarishwa kwa namna moja. Resori na amortisere ni zile zilizoandikwa katika kanuni. Mipira vilevile. Hauwezi kufungua motere na kuongeza kile unachotaka. Maana yake ni kwamba mutu asinunue ushindi kwa feza. Kinachobakia ni mukono wa shofere, na kazi ya garaji.

VITU VYA KUOKOA MAISHA VINATANGULIA

Kijana anayenunua motokari ya mashindano mara ya kwanza anakimbilia motere. Watu wenye kujua wanamurudisha nyuma. Kazi ya kwanza ni kutosha: kutosha kapeti, kiti cha abiria, redio, plastiki, kila kitu ambacho kinaongeza uzito ao kinaweza kuwaka moto. Kisha wanajenga kizimba cha chuma ndani. Ni mabomba yenye unene wa milimetre 38 hivi, yameunganishwa kwa moto na mwili wa motokari. Bomba moja kubwa linapita nyuma ya kichwa cha shofere, lingine mbele, na mengine kwenye milango. Fasi yote ambapo kaske inaweza kugonga, wanafunika na kitu cha kupunguza pigo.

Hii ni kama nguzo za mugodi. Hauziweke siku jiwe linaanguka. Unaziweka siku ambayo kila kitu kinaonekana salama, na unaomba zisitumike hata siku moja.

Kisha kiti kimoja kigumu, kilichofungwa kwa nguvu kwenye chuma. Mikanda ya mabega, ya kiuno na ya katikati ya miguu. Chombo cha kuzima moto. Wavu kwenye dirisha, ili mukono usitoke inje motokari ikipinduka. Na kifungo cha kukata umeme wote, ambacho shofere akizimia, mutu aliye inje anaweza kukifikia.

Mikanda hiyo inaandikwa mwaka wake. Muda ukipita, hata kama inaonekana mipya, mukaguzi anaikataa. Jua na jasho vinaharibu nyuzi polepole, na jicho halione.

Lakini jambo ambalo lilitugusa zaidi ni historia ya shingo. Katika mwaka wa 1981, Mufaransa mumoja, Patrick Jacquemart, alikuwa anajaribu Renault 5 Turbo kwenye njia ya Mid-Ohio. Akagonga. Mikanda ilishika mwili wake, lakini kichwa, pamoja na uzito wa kaske, kiliendelea mbele. Mufupa wa chini ya kichwa ukavunjika. Akakufa.

Jacquemart alikuwa rafiki wa Jim Downing, shofere Mumarekani aliyeshindana na motokari za Mazda. Downing alikuwa na shemeji, Robert Hubbard, profesere wa Michigan State University, ambaye kazi yake ilikuwa kujifunza namna mwili wa mutu unavyovunjika katika ajali. Downing akamwendea shemeji yake na swali: tutafanya nini ili kichwa kisiende peke yake? Hubbard akatengeneza kitu kama kola ngumu. Inalala juu ya mabega, mikanda inapita juu yake na kuifinya, na kamba mbili zinaiunganisha na kaske. Mwili ukishikwa, kichwa pia kinashikwa. Wakaiita HANS, na kutoka miaka ya mwanzo ya 1990 wakaanza kuiuzisha.

Munafikiri watu walikimbilia kuinunua? Hapana. Wengi walisema inafinya, inaleta joto, inazuia kugeuka. Hata mashofere wakubwa walikataa. Tarehe 18 mwezi wa 2, 2001, katika muzunguko wa mwisho wa mashindano ya Daytona, Dale Earnhardt, aliyekuwa amepata ubingwa mara 7, akagonga ukuta. Hakuwa na kola ile. Naye akakufa kwa kuvunjika mufupa wa chini ya kichwa. Mwaka ule ule kuvaa kifaa cha kushika kichwa kukawa lazima katika mashindano yao makubwa. Katika mwaka wa 2012 ikawa lazima hata kwa wale wa klabu, walimu na mafundi wa Siku ya Yenga.

Muhesabu wenyewe. Kutoka kifo cha Jacquemart mpaka kifo cha Earnhardt ni miaka 20. Na karibu miaka 10 ya mwisho, kifaa kilikuwa kinauzwa. Watu hawakukivaa kwa sababu kinasumbua. Tuulizane bila kusingizia mutu: wangapi kati yetu wanatundika maski ya vumbi kwenye shingo, wanaivuta juu ya mudomo wakati shefu anapita tu? Wangapi wanaacha miwani ya kazi mufukoni kwa sababu inajaa jasho?

FRENI: HESABU YA LITRE TATU ZA MAJI

Sasa tufike kwenye mashini. Mutu akituuliza kitu gani cha kwanza kinafa katika motokari ya zamani ikipelekwa kwenye mashindano, tutasema freni, ao zaidi, mafuta ya freni.

Angalia hesabu hii. Motokari ya tani moja ikikimbia kilometre 160 kwa saa, kuisimamisha kabisa kunaleta moto wa kutosha kufikisha karibu litre tatu za maji baridi kwenye kuchemuka. Ule moto wote unaingia katika vyuma vya freni kwa sekunde chache. Kisha njia inanyooka, shofere anakimbiza tena, na kwenye kona inayofuata moto mwengine unaingia. Nusu saa nzima. Tena ukumbuke: mwendo ukiongezeka mara mbili, moto wa freni hauongezeke mara mbili. Unaongezeka mara ine. Ile njo sababu shofere anayetoka kilometre 80 na kufika 160 anashangaa namna freni zilivyobadilika.

Mafuta ya freni yanakunywa maji. Hauyaone yakikunywa. Unyevu wa hewa unaingia polepole, mwezi kwa mwezi. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 yanapaswa kuvumilia joto la digri 230 ao zaidi mbele ya kuchemuka. Yakisha kunywa maji, yanaweza kuchemuka kwa digri 155 hivi. Yakichemuka, ndani ya bomba kunakuwa mvuke, na mvuke unafinyika kama mupira. Shofere anakanyaga pedali, pedali inaenda mpaka chini, na motokari haisimame. Hakuna sauti ya kumuonya mapema, hakuna moshi. Ni pedali tu inakufa chini ya muguu.

Kwa hiyo watu wa mashindano wanatosha mafuta ya zamani na kuweka mapya mara nyingi, wengine mbele ya kila mashindano. Wanatumia chupa iliyofungwa, isiyo ya kubakia kwenye etajeri tangu mwaka jana. Ni kazi ya watu wawili na saa moja: mumoja anakanyaga, mwengine anafungua na kufunga kwenye gurudumu, mpaka mafuta yanatoka safi bila povu.

KUSIKILIZA MOTERE KABLA HAIJALIA

Kitu cha pili ni magurudumu ya mbele. Katika MX-5 hizi, chuma kinachobeba gurudumu la mbele pamoja na rulema yake kinachoka katika mashindano, kwa sababu mipira ya mbio inashika njia kuliko mipira ya kawaida na inavuta kwa nguvu kwenye kila kona. Watu wenye akili hawangoje sauti. Wanainua motokari, wanashika gurudumu juu na chini, wanalitikisa. Likicheza hata kidogo, wanabadilisha. Na hata lisipocheza, wanalibadilisha muda wake ukifika, kwa kufuata daftari.

Kitu cha tatu ni motere yenyewe. Zile za mwanzo, za 1990 na 1991, ziko na ugonjwa unaojulikana: buloni kubwa la mbele, lisipokazwa kwa kipimo chake, linaachia kidogo kidogo, chuma kinakula chuma, na motere inapoteza saa yake ya kuwasha. Fundi anayekaza kwa kukisia, akisema «mukono wangu unajua», ataifungua tena. Kuko ufunguo wa kupima nguvu ya kukaza. Wanautumia kwa buloni hilo, kwa ekru za magurudumu, kwa kila kitu ambacho kitabu kimetaja kipimo. Wakimaliza kukaza, wanapiga alama ya rangi juu ya buloni na chuma cha pembeni. Alama ikivunjika, wanajua buloni limegeuka, bila hata kuligusa.

Na filtri ya mafuta hawaitupe hivi hivi. Wanaikata, wanafungua karatasi yake, wanaiangalia kwenye jua. Vumbi jeusi si kitu. Lakini wakiona kitu kinametameta, wanasimama. Kusineti zingine za motere ziko na tabaka ya shaba ndani, chini ya tabaka laini ya juu. Shaba ikionekana katika filtri, maana yake ya juu imekwisha kukulika. Sisi watu wa Katanga tunafurahi kuona shaba, lakini si pale.

Haya yote yanaandikwa. Klabu inatoa kitabu cha motokari, na mukaguzi anaandika ndani yake: kontrole ilipita siku gani, ajali gani ilitokea, nini kilitengenezwa. Pembeni ya hicho, kila kikundi iko na daftari yake yenye alama ya mikono ya mafuta: tarehe, saa za motere, kilichobadilishwa, nani alikaza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa motokari unaonekana kwanza katika daftari.

SIKU MBILI ZENYEWE

Hakuna mutu anayefika tu na motokari na kuingia. Shofere anapitia kwa munganga, anafuata masomo ya klabu, anapewa ruhusa ya mwanafunzi, kisha ruhusa kamili. Kwenye njia, jambo la kwanza ni kontrole: kaske, mikanda, kizimba, mafuta yanayovuja. Kisha wanazunguka ili kujizoeza, kisha wanapimwa wakati ili kupanga nani atasimama mbele, kisha mashindano, ambayo mara nyingi yanamalizika kwa nusu saa hivi.

Pembeni ya njia kuko watu wa bendera, wengi wa kujitolea. Ya manjano ikipepea, hatari iko mbele, hakuna kupita mwenzako. Nyekundu, mashindano yamesimamishwa. Nyeusi, wewe unaitwa utoke. Shofere anayepita mwenzake chini ya bendera ya manjano anaazibiwa hata kama ndiye mwenye kukimbia kuliko wote, kwa sababu mbele yake pengine kuko mutu yuko chini anasaidia mwengine.

Na kuendesha? Tuseme kwa mufano wa kwetu. Mwenye kubeba makala juu ya kinga kutoka pori mpaka Lubumbashi anajua kwamba katika mutelemuko haupige freni katikati ya kona. Magunia yatakutupa. Unapunguza mwendo mapema, kinga ikiwa imenyooka, kisha unageuza polepole. Motokari ya mashindano ni vilevile. Ukikanyaga freni, uzito unaenda mbele, magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi. Ukigeuza volani kwa gafula wakati ule, nyuma inakupita. Shofere muzuri anamaliza kazi kubwa ya freni wakati njia imenyooka, anageuza mara moja tu, na anarudisha nguvu polepole akitoka. Kwa motokari ya farasi 116, mwendo uliopotea katika kona haurudi upesi. Kwa hiyo anayeshinda haonekane kama anapigana na motokari. Ukimuangalia, utafikiri anatembea.

Akirudi, mwenzake anamungojea na kipimo cha joto. Anapima mupira sehemu tatu: ndani, katikati, inje. Katikati ikiwa moto kuliko pembeni zote mbili, hewa ni mingi. Pembeni zote mbili zikiwa moto kuliko katikati, hewa ni kidogo. Inaandikwa tena katika daftari.

FEZA NA NYUMBA

Tusiwadanganye. Muchezo huu unakula feza hata kule. Motokari yenyewe si kitu. Kuko kizimba, mikanda, mipira, esansi, remorki ya kuivuta, feza ya kuingia, kulala. Na asiransi ya kawaida ya barabara mara nyingi hailipe kitu kilichovunjika katika mashindano. Kwa hiyo wakubwa wa muchezo wanawaambia vijana neno moja: usipeleke kule motokari ambayo nyumba yako itaumia ukiiacha pale. Ikiwa ni ile ile ya kupeleka watoto kwenye masomo, iache nyumbani. Ikiwa umeinunua na deni, iache nyumbani.

Jambo hili linaamuliwa kwenye meza, si kwenye garaji. Bibi anauliza: tukivunja motere, tutakosa nini? Jibu likiwa «tutakosa likizo», wanaweza kuendelea. Jibu likiwa «tutakosa minervali», mambo yanaishia pale. Na nyumba ikikubali, watu wote wanaingia katika kazi. Mama anashika saa na kuandika wakati wa kila muzunguko. Mutoto anasafisha magurudumu, na kwa kusafisha anaona ufa mudogo ambao baba hakuona. Jirani fundi anakuja na funguo zake. Kikombe kikija, kinakuwa cha wote.

TULIRUDI LIKASI

Tulirudi kwa yule fundi na kumueleza haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akipanguza mikono. Kisha akasema: «Kumbe hakuna siri.»

Tukamwambia ni kweli, hakuna. Akatikisa kichwa. «Siri haiko, lakini shida iko. Muteja anakuja, ninamwambia mafuta ya freni yameharibika. Ananijibu: mbona zinashika? Haoneke kitu, hataki kulipa. Lakini feza ya rangi na ya klaksoni iko nayo. Kesho ile taksi inapakia mama na watoto, inaenda Kolwezi katikati ya makamio ya shaba. Nitafanya namna gani?»

Hatukuwa na jibu la haraka, na hatutaki kujifanya tuko nalo. Ila tunaona kwamba swali lake linatugusa sisi wenye motokari kuliko linavyomugusa yeye. Wale watu wa mashindano wako na mukaguzi anayewarudisha nyumbani mukanda ukipita mwaka. Njiani kutoka Likasi mpaka Kolwezi, mukaguzi wa kwanza ni wewe mwenye kushika ufunguo. Mbele ya safari, fanya mambo matano. Kanyaga pedali ya freni motere ikiwaka: ikishuka polepole mpaka chini, usiondoke. Uliza mafuta yake yalibadilishwa lini. Kama hakuna anayekumbuka, yabadilishe. Kaza ekru za magurudumu, na uzikague tena kisha safari fupi. Angalia mipira yote ine na ile ya akiba, hata upande wa ndani. Funga mikanda, na wale wa nyuma pia.

Na kwa vijana wetu wanaopenda mwendo tunasema kama wazazi: kupenda mashini si kosa. Mutu anayependa mashini anaanza kwa kuitengeneza. Lakini barabara ya watu si njia ya mashindano. Watkins Glen walilipa kwa uhai wa mutoto wa miaka 7 ili wajue. Sisi tusingoje kulipa ili tujue kile kilichokwisha kujulikana.

Wakati tulipokuwa tunaaga, fundi alituomba kalamu. Alipasua upande mumoja wa karatoni iliyokuwa chini ya motere, akaandika tarehe, akaandika «mafuta ya freni, mapya», kisha akafunga karatasi ile na uzi kwenye volani ya taksi, mahali ambapo muteja hawezi kukosa kuiona.